Usiniletee picha moja ya proteasi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Ndugu, nimepakua maumbo mawili ya proteasi, kimeng'enya cha VVU, na hayafanani. Lipi ndilo sahihi, nilitumie kwenye tasnifu?" Nimecheka, kisha nikapandwa na hasira kidogo. Swali hilohilo niliwahi kumuuliza mkubwa mmoja wa maabara nikiwa mwanafunzi, akanijibu mbele ya wenzangu kwamba hayo yalishamalizwa mwaka 1989, nitafute kazi nyingine. Wenzangu wakacheka. Mwezi uliopita nimetoa mhadhara juu ya hayo hayo "yaliyomalizwa", ukumbi ukajaa na maswali yakapitiliza muda. Ndiyo, naringa.

Ndugu yangu, yote mawili ni sahihi.

Kirusi cha kundi la retrovirusi hutengeneza sehemu ya protini zake zikiwa zimeungana katika mnyororo mrefu, na proteasi ndiyo huukata vipandevipande ili chembe changa ikomae na iweze kuambukiza. Ya VVU ni minyororo miwili inayofanana, kila mmoja una asidi amino 99, yaani matofali ya protini. Kila upande hutoa asidi aspatiki moja, namba 25, na hizo mbili zikikaribiana ndipo ukataji unapowezekana, kwa msaada wa molekuli ya maji. Juu ya kishimo zinamokutana kuna vifuniko viwili, kimoja kila upande, na kwenye ncha zake utaikuta asidi amino iitwayo isoluisini, namba 50. Ukiulizwa dawa inaingilia wapi, elekeza kidole kwenye kishimo hicho.

Mwaka 1989 timu ya Alexander Wlodawer ilitoa umbo la proteasi ikiwa tupu, kwa kupiga eksirei fuwele za protini iliyoundwa kikemia. Mwaka huohuo likatoka na umbo lenye kizuizi ndani, yaani molekuli inayokaa kishimoni na kuzuia ukataji, kama dawa zifanyavyo. Katika lile la kwanza vifuniko viko nusu wazi, katika la pili vimefunga, na ukiyalaza moja juu ya jingine unaona ncha zimesogea hadi angstromu 7 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Kwa protini ndogo kiasi hiki, huo ni mwendo mkubwa. Halafu kati ya vifuniko na kizuizi imekaa molekuli moja tu ya maji, imevishika vyote viwili kwa bondi za hidrojeni. Mwaka 1994 wakemia walitangaza urea za mviringo, vizuizi vyenye umbo la pete, walizozibuni makusudi ili ziyafukuze maji hayo na kukaa mahali pake. Sijui mtu anawezaje kuona hilo akasema kazi imekwisha.

Ushauri wangu basi: fungua mawili, linganisha. Lile tupu kwenye PDB, hifadhi ya wazi ya maumbo ya protini, linaitwa 3HVP, lenye kizuizi ni 4HVP. Ukifungua 3HVP utaona mnyororo mmoja tu kwenye skrini, na usidhani faili limeharibika. Mnyororo wa pili unapatikana kwa simetria ya fuwele, yaani kwa kurudia ule wa kwanza kufuata mpangilio wa fuwele, kwa hiyo iamuru programu ikujengee mwenzake. Wengi hukwama hapo wakaishia kupima nusu ya kimeng'enya. Fungua mawili, nasema tena.

Na usiiabudu fuwele. Molekuli zimebanana humo, na jirani anaweza kukisukuma kifuniko kikakaa pasipo kawaida yake. Kwenye myeyusho vifuniko havitulii, na ili mnyororo wa protini uingie kishimoni lazima vifunguke zaidi ya tunavyoviona katika fuwele nyingi. Anayetazama umbo lililofungwa peke yake atakueleza vizuri kwa nini badiliko la I50V (isoluisini namba 50 kugeuka valini) linaisumbua dawa, maana lipo kwenye ncha. Muulize L90M (luisini namba 90 kugeuka methionini), ambayo haigusi dawa kabisa lakini inaleta usugu. Ataanza kukohoa.

Vijana mnaoambiwa jambo limekwisha, sikilizeni. Proteasi ya kirusi cha nyani kiitwacho Mason-Pfizer iliwashinda wataalamu zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 2011 wachezaji wa Foldit, mchezo wa kompyuta wa kukunja protini, wengi wao wakiwa hawajasomea fani hii, wakatoa modeli nzuri kiasi kwamba data za eksirei zikafumbuka. Hawakuomba ruhusa ya mkubwa yeyote. Acheni kuogopa vyeo, acheni kukariri picha ya kitabuni, kaeni na kompyuta mlizungushe umbo mpaka mlijue kwa kila upande.

Msomaji wangu, kwenye tasnifu weka yote mawili, na chini ya kila picha andika vifuniko viko katika hali gani na kama kuna kizuizi ndani. Ukishamaliza tafuta umbo lenye I50V, upime umbali kati ya ncha na dawa, kisha uniandikie umepata nini.