Mwanangu, kuhusu huyo Fox na makofi yake

Mwanangu, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili huku maharage yanachemka. Unasema mwalimu wako wa kinanda, kile cha mabomba cha kanisani, kakwambia Virgil Fox, yule mpiga kinanda wa Marekani, ni vituko tu, majoho na mbwembwe, eti nenda kasikilize mpiga kinanda mwenzake, E. Power Biggs, ndo utajua nyimbo za Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani, zinapigwaje, halafu unaniuliza, mama, wewe umetulea na kaseti ya Fox, ulikuwa hujui?

Nilijua bana. Si yote, ila nilijua.

Na mwalimu wako hajakosea. Biggs, yule Mwingereza aliyehamia Marekani, alipenda vinanda vya mtindo wa zamani, vile ambavyo ukibonyeza kitufe kijiti kinavuta kijiti mpaka kizibo chini ya bomba kinafunguka na upepo unapita, umeme hauingii hapo kati, kwa hiyo kidole chenyewe ndo kinaamua bomba lianze kulia vipi. Cha kwake kilitoka Uholanzi kwa fundi vinanda Flentrop, kikafungwa 1958 kwenye makumbusho ya Harvard. Rekodi zake za pale ni safi mno, kila sauti unaiona inavyotembea. Kujifunza, anzia hapo.

Fox sasa. Kapiga Riverside Church, New York, kuanzia 1946 mpaka 1965, na maonyesho yake alikuwa anapiga kwa kichwa, karatasi hana. 1964 karekodi kile kinanda cha Wanamaker kule Philadelphia, na hilo lilikuwa duka mwanangu, duka la nguo na vyombo, ndani kuna kinanda cha mabomba zaidi ya 28,000, sijui nani alianza kununua soksi huku Bach anamngurumia kichwani. Halafu Desemba 1970 huyoo Fillmore East, ukumbi wa vijana wa roki, taa za rangi zinacheza ukutani nyuma yake. Pale kinanda kilikuwa cha umeme, cha Rodgers, mabomba hamna, hilo nakubali kabla mwalimu hajalisema.

Ila kuna ile fuga ya jigi, yaani wimbo ambao sauti zinafuatana na kudakana, namba BWV 577 kwenye orodha ya kazi za Bach, ambayo wataalamu wengine hata wanabisha kama ni Bach aliyeiandika. Jigi ni ngoma ya kuchezwa, inakwenda tatu tatu, na Fox alikuwa anawaambia watu wapige makofi nayo. Hicho ndo kinamuudhi mwalimu wako, na kwa kweli makofi yanafunika sauti za kati, pale Biggs anamshinda. Lakini sikiliza inavyojengwa, sauti moja inaanza peke yake, nyingine inaudaka wimbo uleule, kama kwaya yetu soprano wakitangulia na alto wakiingia nyuma yao, mpaka zamu inafika kwa miguu, maana kinanda hiki kina vibao vya kupigwa kwa miguu pia, na miguu haipewi kazi ya kuzuia besi kama kwenye tenzi, inapewa wimbo wote na kurukaruka kwake kote, kisigino na vidole, mbio zilezile za mikono.

Mimi hiyo niliijulia kwenye cherehani. Unakumbuka redio ilikaa juu ya kabati, mimi chini nashona, mguu kwenye pedali, na ile jigi ikianza mguu hauniulizi, cherehani inashika mwendo, kuna mteja nilimshonea gauni la kipaimara la binti yake pindo likatoka kama wimbi la bahari ikabidi nifumue lote usiku. Biggs nilikuja kumsikia baadaye na nilimheshimu sana, ila pindo langu halijawahi kupinda kwa ajili yake. Sasa wewe niambie, ngoma ya kuchezwa inapigwa kwa nani vizuri zaidi?

Mwambie mwalimu mama anamsalimu. Fuga ujifunze kwa Biggs, taratibu, miguu peke yake kwanza, mikono baadaye.

Halafu jambo moja. Kaseti yetu ilirekodiwa kutoka kwenye sahani na yule mmisionari aliyetuachia vitabu, na upande wenye ile jigi mkanda uliisha kabla ya wimbo, ndo maana mdogo wako mpaka leo anaimba mpaka pale pale halafu anasema "tak!" kama redio ilivyokuwa inajizima. Umesema ile jigi umeipata nzima. Nitumie kabla ya Jumapili, bando langu linaisha Jumapili.