Mtoto ambaye hakuna mwalimu anayemtaja

Nimefundisha madarasa ya kati kwa miaka mingi, watoto wa miaka 11 hadi 14, na kosa langu kubwa nililifanya kwa maneno matatu tu: "Haya, chagueni wenzenu."

Nilikuwa nikiyatamka karibu kila wiki. Viti vinaburutwa, watu wanaitana, na dakika moja haijapita darasa limeshajipanga. Siku moja niligeuka kutoka ubaoni mapema kuliko kawaida yangu, nikamwona msichana mmoja amesimama kando ya kabati la vitabu anachonga penseli. Penseli yenyewe ilikuwa imeshachongoka. Aliendelea kuichonga, macho chini, mpaka nilipomwelekeza kwenye kundi lililokuwa na nafasi, na wale wenzake wakasogeza viti kwa kujivuta. Usiku ule nilijiuliza penseli ile imechongwa mara ngapi tangu mwaka uanze, mimi nikiwa nimewapa mgongo.

Huyu hakuwa mtoto wa kuitiwa mzazi. Alifika kila siku, alimaliza kazi, hakugombana na mtu. Kesho yake nilipomtaja ofisini, mwalimu mwenzangu aliuliza, "Huyo ni yupi?" Alikuwa akimfundisha mara nne kwa wiki.

Basi tukafanya jambo moja ambalo namshauri kila mwalimu alifanye, hata kama mwalimu mkuu hajaagiza. Tuliandika majina ya wanafunzi wote kwenye karatasi kubwa, tukazibandika ukutani ofisini baada ya watoto kuondoka. Kila mwalimu akapita na kalamu, akaweka alama mbele ya jina la mtoto ambaye anajua jambo lake moja lisilohusu maksi wala nidhamu: anapenda nini, nyumbani anaishi na nani, anaogopa nini. Kazi hiyo haikumaliza hata saa moja. Tulipomaliza, kulikuwa na majina yenye alama sita au saba, ya wale wanaong'ara na wale wanaosumbua. Katikati yao palikuwa na majina meupe kabisa. Tulisimama pale kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa watoto wale ulikuwa haujatufikia kwa sababu hatukuwa tumetega sikio.

Tuligawana yale majina meupe, kila mmoja wawili au watatu. Hatukumtangazia mtoto yeyote, maana kijana wa miaka 12 akishagundua kwamba ameandikwa kwenye orodha ya wanaohurumiwa, umempoteza. Sharti lilikuwa dogo: umtafute mara kadhaa kwa wiki, uzungumze naye dakika mbili, na isiwe habari ya masomo. Mimi nilimchukua yule wa penseli. Wiki mbili za mwanzo nilipata "ndiyo" na "hapana". Wiki ya tatu alinionyesha, bila kuulizwa, kiota cha ndege juu ya dirisha la maabara. Alikuwa amehesabu mayai na alikuwa akichora kila siku nyuma ya daftari la hesabu. Hakugeuka msemaji, na sikutaka ageuke. Ila baadaye walikuwa watatu wanaotazama kile kiota.

Watu wengine huona haya mambo ni ya kubembelezana. Mwaka 1995 wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary walikusanya ushahidi mwingi wakaonyesha kwamba kuhitaji kukubalika na watu ni hitaji la msingi la binadamu. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa mchezo mwepesi wa kompyuta wa kurushiana mpira na wachezaji wawili. Ghafla wale wawili wakaacha kumrushia. Picha zilionyesha kuamka kwa sehemu ya ubongo ambayo huhusika pia mtu anapoumia mwilini. Na huo ulikuwa mchezo wa dakika chache tu. Mtoto wetu anarudi darasani humo humo kesho, na kesho kutwa.

Sasa tuseme kuhusu makundi, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipokuwa zimeanza kuwachanganya watoto wa rangi tofauti na ugomvi umepamba moto, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wa chuo kikuu waliombwa msaada. Walichobadilisha ni namna ya kufundisha. Somo linakatwa vipande, kila mtoto katika kundi anapewa kipande chake, na hakuna njia ya kulijua somo zima bila kuwasikiliza wenzako. Unayemdharau ndiye aliyeshika kipande unachokihitaji.

Nimeitumia njia hii sana, na nimeona inavyoharibika. Mara ya kwanza nilimpa kila mtoto kipande chake, nikawaambia waelezane papo hapo. Kijana mmoja asomaye polepole alianza kusoma kwa kusitasita, wenzake wakamnyang'anya karatasi wakajisomea. Nilikuwa nimemwanika. Nilikuwa nimeruka hatua muhimu: kabla ya kurudi kwenye makundi yao, wote waliopewa kipande kimoja hukutana kwanza, wakakichambua pamoja, wakajizoeza kukieleza kwa maneno yao. Yule kijana aliporudi safari ya pili hakusoma, alieleza. Jihadhari pia usimpe mtoto yule yule kipande kifupi kila mara. Wanaona. Watoto wa umri huu wana macho makali mno kwa vitu vya namna hiyo.

Makundi nayapanga mimi, nayabadilisha kila baada ya wiki chache, na sikai kueleza kwa nini nani yuko na nani.

Lakini darasani angalau kuna mtu mzima. Wapeni wanafunzi ramani ya shule, bila kuandika majina, wakoleze sehemu wasizopenda kupita. Kwetu rangi ilijaa kwenye korido ya nyuma na mlango wa vyoo, mahali ambapo mwalimu wa zamu hakuwahi kusimama. Kuna watoto waliokuwa hawanywi maji asubuhi ili wasilazimike kwenda huko. Tulihamisha zamu, basi. Wakati wa mapumziko pia tulifungua chumba kimoja chenye vitabu, karatasi za kuchorea na ubao wa chesi, ili mtoto asiye na mtu wa kukaa naye awe na pa kwenda bila kuonekana kwamba hana mtu. Wapo wanaopenda kukaa peke yao na wako salama kabisa. Aliyejitenga na aliyetengwa hawafanani, na ukitaka kuwatofautisha muulize mwenyewe, kwa upole, mkiwa wawili.

Kuuliza huko ndiko kulikonifundisha habari ya watoto wenye ulemavu pia. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye usikivu hafifu, nami nikamweka mbele kabisa nikidhani nimemsaidia. Mwaka ulikuwa nusu nilipomuuliza anapenda kukaa wapi. Akasema pembeni, safu ya pili, kwa sababu pale anaona midomo ya wenzake wanapojibu. Mbele alikuwa ananiona mimi tu, na mimi nilikuwa nikiongea nimeelekea ubao. Tangu mkutano wa kimataifa wa elimu uliofanyika Salamanca, Hispania, mwaka 1994, dunia imekubaliana kwamba watoto hawa wasome na wenzao katika shule za kawaida. Kumkalisha darasani ni mwanzo tu. Kama hasikii utani unaowachekesha wenzake, bado yuko nje.

Kuhusu uonevu nina msimamo mmoja: msiwasimamishe mwonevu na aliyeonewa mbele ya darasa wapeane mikono. Aliyeonewa anasamehe kwa kulazimishwa, halafu analipia njiani kurudi nyumbani. Zungumzeni nao mbalimbali, na mrudie kuuliza baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Nguvu kubwa iko kwa wale wanaotazama. Utafiti uliofanyika Kanada kwenye viwanja vya shule, uliochapishwa mwaka 2001, uliona kwamba mtoto mwenzao akiingilia kati, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Tatizo ni kwamba wengi wanaogopa kumkabili mwonevu, na wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo nawafundisha kitu kidogo: mwite anayeonewa kwa jina lake, mwambie "twende", muondoke. Tunalifanyia mazoezi darasani, kwa sauti, hadi neno lizoee mdomo.

Na yapo yaliyo makubwa kuliko sisi. Mtoto aliyeacha ghafla vitu alivyovipenda, anayevaa mikono mirefu kwenye joto, anayegawa vitu vyake au kusema kwamba afadhali asingekuwapo, huyo usimsubiri wiki ijayo. Akianza kwa kusema "usimwambie mtu", usimwahidi. Mimi humwambia hivi: "Nashukuru umeniambia. Sitaitangaza habari yako, ila kama uko hatarini lazima nimtafute mtu wa kutusaidia, na nitakwambia ni nani kabla sijamwendea." Kisha nakaa naye mpaka mnasihi afike, hata kengele ikigongwa.