Barua kwa mwanangu: bega, moyo na tumbo ni kitu kimoja

Mwanangu, ile meseji yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza, "Mama, bega kuchomoka, moyo kwenda mbio nikisimama na tumbo kujaa gesi kila siku, haya ni magonjwa matatu? Daktari kasema nina Ehlers-Danlos ile ya viungo kulegea, sasa tumbo linaingiaje hapo?" Nikaona kwa simu hatutamaliza, ngoja nikuandikie.

Sio matatu mama, ni moja. Mwili wote umeshikwa na tishu unganishi, na ndani yake kuna protini inaitwa kolajeni ambayo wengi tukiisikia tunafikiria ngozi tu, kumbe iko kwenye kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, iko kwenye kuta za mishipa ya damu, kwenye utumbo, kwenye kibofu, kwenye fizi, yani kokote kunakotakiwa kushikwa. Kwako hiyo tishu inavutika kupita kiasi.

Tuanze na viungo. Kano ikilegea kiungo kinakosa cha kukibana, kwahiyo misuli ndo inabeba kazi isiyo yake, inakaza kutwa nzima hata ukiwa umesimama tu foleni, wenzio miili imetulia ila wewe misuli iko kazini. Ndo maana jioni huna nguvu hata ya kuongea. Na hapa naomba unisamehe, miaka yote ile nilikua nakwambia uache uvivu, sikujua, inaniuma mpaka leo. Hata kule kujigonga kwenye milango nilikua nasema huna uangalifu, kumbe viungo vinavyolegea havipeleki vizuri taarifa kwenye ubongo kwamba mkono uko wapi.

Unakumbuka ulivyokua unakunja dole gumba mpaka linagusa kigasha, huku chini ya kiwiko, wageni wanashangaa na mimi napiga makofi? Kipimo cha Beighton ndo hicho hicho: dole gumba, kidole kidogo kurudi nyuma zaidi ya nyuzi 90, viwiko na magoti kupinda upande usio wake, na viganja kugusa sakafu bila kukunja magoti. Jumla ni pointi 9, na mtu mzima wa mpaka miaka 50 akipata 5 anahesabiwa kua na viungo legevu. Kulegea peke yake sio ugonjwa, wapo wengi tu viungo vyao vinapinda hivyo na hawaumwi popote, ila wewe unaumwa, so usivionyeshe tena kwa mtu, kila ukivuta unazidi kulegeza. Na ukisikia shingo au mapaja yamekaza usikimbilie kujinyoosha, mara nyingi ni misuli inajaribu kushikilia kiungo kisitoke. Nenda kwa fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akupe mazoezi ya kujenga nguvu, taratibu, hata ikichukua miezi.

Moyo sasa. Kila mtu akisimama damu inashuka miguuni, mishipa inajibana kuirudisha juu. Mishipa inayovutika haijibani vizuri, moyo unalazimika kukimbia kufidia. Ukisimama dakika 10 na mapigo yakapanda kwa 30 au zaidi huku presha haijaporomoka, mwambie daktari akupime vizuri. Kunywa maji ya kutosha, vaa soksi za kubana, ukiamka kaa kwanza kitandani. Chumvi usiongeze mpaka daktari aseme. Na tumbo nalo ni hivyohivyo, utumbo usiosukuma vizuri unabaki na chakula muda mrefu, gesi inajaa, kiungulia, choo kigumu.

Halafu yule daktari wa meno aliyesema unadeka ulivyolia kwenye kiti. Hukua unadeka. Kwa wengi wenye hali hii ganzi haishiki vizuri au inawahi kuisha, so kabla hujachomwa sindano mwambie mapema, na ukisikia maumivu mwambie asimame.

Usishangae kua hawakukupima damu. Aina yako jeni yake haijapatikana, wanatumia vigezo vya mwaka 2017 kwa kukuchunguza na kukuuliza historia. Zile aina nyingine ndo zina vipimo vya jeni, na kuna moja inayopasua mishipa mikubwa ya damu, ndo maana daktari wako alikuuliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Hayupo, nimemhakikishia mwenyewe.

Hii kitu inarithiwa, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Jana nimekaa nikajaribu dole gumba langu, nalo limegusa mkono. Kesho nampigia bibi yako nimuulize yale magoti yake yalianza lini kumtoka.