Kabla hujahamia Johannesburg na watoto, zungumzeni haya mkiwa bado Dar

Hapa Dar tumekua tukijua kwamba kibaka anaogopa watu. Akichomoa simu kwenye dirisha la daladala pale Manzese, unapiga ukelele wa "mwizi!" na nusu ya barabara inamkimbilia. Anayehamia Johannesburg aiache tabia hiyo hapa hapa. Kule mnyang'anyi mara nyingi ana bastola, na ukelele wako unamtia hofu mtu ambaye kidole chake kiko kwenye silaha. Mwachie simu, mwachie pochi, mwachie gari. Usimkazie macho, usibishane, mikono yako iwe mahali anapoiona.

Tuliishi huko na mume wangu na watoto kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi Tabata, na hilo ndilo ninaloanza nalo kwa kila ndugu aliyepata kazi Afrika Kusini na anaondoka na familia. Wanaume hasa hulipinga. Shemeji yangu mmoja aliniambia hawezi kumkabidhi mtu gari alilolitolea jasho. Nilimwambia gari linakatiwa bima, watoto wake wana baba mmoja tu. Kwa hiyo kaeni mlizungumze kabla ya safari, watoto wakiwepo, ili siku likitokea asiwepo mtu wa kuanza kuuliza tufanye nini.

Gari ndilo ninalolisisitiza zaidi, kwa sababu magari mengi huporwa langoni mwa nyumba, dereva akisubiri geti lifunguke. Sisi tulikuwa na utaratibu. Tukikaribia mtaa wetu, redio inazimwa, simu zinawekwa chini, naangalia kwenye kioo kama kuna gari lililotufuata tangu barabara kuu. Likiwepo, napitiliza na kuzunguka mtaa. Likiendelea kunifuata, naelekea kituo cha polisi au kituo cha mafuta chenye watu. Kama njia ni nyeupe, nasimama barabarani sambamba na ukuta hadi geti lifunguke lote, naingia, halafu nasubiri lijifunge nyuma yangu kabla mtu yeyote hajagusa mlango. Ukijichomeka kwenye kinjia cha geti wakati bado limefungwa, gari likija kukuzibia kwa nyuma huna pa kutokea.

Mtoto mdogo akae nyuma ya dereva, si upande wa abiria. Ukiamriwa kushuka, unafungua mlango wako, unafungua wa nyuma, unamtoa, na muda wote unasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya utulivu, kwamba kuna mtoto ndani. Fanyeni zoezi hilo hata hapa uani kwenu, mara nyingi, mpaka mikono iuzoee mkanda wa kiti cha mtoto. Kinachochelewesha ni huo mkanda.

Na geti lenyewe linatumia umeme. Mgao tunaujua, na Afrika Kusini nao wamepita vipindi virefu vya mgao tangu 2008. Umeme ukikatika, geti linategemea betri. Betri ikichoka, utashuka kulisukuma kwa mkono gizani. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, muulize mwenye nyumba betri ilibadilishwa lini.

Mengine ya gari ni mafupi. Mkoba uingie kwenye buti kabla hamjaondoka nyumbani, kwa sababu kwenye taa za barabarani vioo huvunjwa kwa sekunde chache. Na kwenye maegesho ya maduka makubwa, ukishabonyeza rimoti, vuta kitasa kwa mkono uhakikishe milango imefunga kweli, maana wapo wenye vifaa vya kuzuia rimoti isifanye kazi.

Kuhusu mahali pa kuishi, Mtanzania mwenzako huenda akakutafutia chumba Hillbrow au Yeoville, mitaa ya karibu na katikati ya jiji, kwa kuwa kodi ni nafuu na wageni kutoka nchi za Afrika ni wengi. Ni ukarimu wa kweli, mshukuru. Lakini polisi wa kule hutoa takwimu za uhalifu kituo kwa kituo, na kila mtu anaweza kuzisoma kwenye intaneti. Zisome kabla ya kulipa kodi.

Majirani utawatafuta mwenyewe. Hapa mjumbe anakujua, mwenye genge anawajua wanao, vijana wa bodaboda pale kijiweni wanajua mgeni akiingia mtaani. Kule kuna kuta ndefu zenye nyaya za umeme, na unaweza kukaa miezi hujui jina la mtu wa pili. Nenda ukabishe hodi. Ingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, uliza ni kampuni gani ya ulinzi inayokuja na silaha kengele ikilia. Watoto washike namba kichwani: 10111 ya polisi, 10177 ya gari la wagonjwa, na 112 kwa simu ya mkononi.

Saa ya kurudi nyumbani nayo ibadilishwe. Watoto wetu wamezoea kurudi adhana ya magharibi ikisikika. Johannesburg mwezi Juni jua linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo mtoto anayebaki shuleni kwa ajili ya mpira atatoka giza limeshaingia.

Liko pia jambo ambalo wengi hawapendi kuligusa. Mei 2008 wageni walishambuliwa kuanzia Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, vurugu zikasambaa nchini, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Zilirudi 2015, zikarudi 2019. Ukisikia fukuto, usiende katikati ya mji, na watoto wabaki nyumbani. Lakini msiwajaze watoto chuki. Aliyekuwa akitupigia simu kututahadharisha ni jirani yetu Mzulu, na sitamsahau.

Jiandikisheni ubalozini kwetu Pretoria mapema. Vyeti vya watoto vya RITA na pasipoti vitolewe nakala, seti moja abaki nayo ndugu hapa Dar, pamoja na namba ya jirani yako mpya. Simu yako ikiporwa, yeye ndiye atakayejua pa kuanzia kukutafuta.