Dada, Usiuzunguke Ufunguo wa C

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia. Anapiga fidla, huu mwaka wa sita, na okestra yao imebaki bila mpiga viola, ile ala kubwa kidogo kuliko fidla na yenye sauti ya chini zaidi. Kiongozi kampa viola na bahasha ya nota, mazoezi ni Jumamosi. Anasema: "Nimefungua karatasi, ufunguo wa G siuoni. Mwenzangu kaniambia upo ujanja wa pozisheni ya tatu, eti nisihangaike kujifunza upya. Nifanyeje?" (Ufunguo ni ile alama mwanzoni mwa mistari mitano ya nota, inayokuambia nota ipi inaitwaje. Fidla husoma ufunguo wa G, viola husoma ufunguo wa C.)

Dada, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Ujanja huo naujua. Ulininyima nafasi niliyoitamani kuliko kitu chochote, na hadi leo nikipita karibu na ukumbi ule Nairobi, natazama upande wa pili wa barabara.

Mimi nimelelewa na kwaya ya usharika, Moshi. Kule tulisoma kwa solfa. Mwalimu anaandika ubaoni herufi zake, anatangaza "Do ni F", anatupa sauti, tunaimba. Mistari mitano nilikutana nayo nikiwa na miaka 19, siku niliposhika fidla mara ya kwanza. Nikaipenda fidla kupita kiasi, na miaka minane baadaye nilikuwa napiga harusini, kanisani, popote walipohitaji mtu wa nyuzi. Basi niliposikia okestra moja inatafuta mpiga viola, nikasema hii ndiyo nafasi yangu. Nikaazima viola. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya usaili.

Ujanja wenyewe uko hivi. Unajifanya karatasi ina ufunguo wa G, unajifanya unapiga fidla katika pozisheni ya tatu, mkono ukiwa umepanda shingo ya fidla, lakini mkono unauacha katika pozisheni ya kwanza ya viola, kule mwanzo wa shingo. Nota iliyo kwenye mstari wa kati unaiona kama B. Kwa fidla, pozisheni ya tatu, hiyo B ni kidole cha tatu kwenye uzi wa pili kutoka chini. Ukiweka kidole hicho hicho kwenye uzi wa pili wa viola, inatoka C ya kati, ile iliyo katikati ya kinanda, na ndiyo iliyoandikwa. Siku ya kwanza nilidhani nimepata hazina. Ndani ya saa moja nilikuwa napiga kurasa nzima.

Siku ya usaili wimbo ulikuwa F meja, yaani B zote zina flati, zinashushwa nusu hatua. Sasa fuatana nami polepole. B ya nafasi ya pili kutoka chini mimi naiona kama A. Akili yangu inajua F meja haina A ya flati, basi kidole cha pili kinajinyoosha kama kilivyozoea na inatoka B kavu, bila flati. Ikatoka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nasikia kabisa kwamba ni kosa, lakini jicho linaniambia niko sawa.

Halafu katikati ya ukurasa ukatokea ufunguo wa G. Ule wa kweli. Viola ikipanda juu sana waandishi huhamia huko kukwepa vistari vya ziada, vile vinavyoongezwa nje ya mistari mitano, na mimi hakuna aliyekuwa ameniambia. Ilikuwa B ya mstari wa kati, ambayo kwenye viola ni kidole cha kwanza kwenye uzi wa A. Mimi nikapiga C ya kati, karibu oktava nzima (do hadi do) chini yake. Kiongozi akanyanyua mkono. Akawageukia wenzake, hakunigeukia mimi, akasema, "Huyu hajui kusoma."

Miaka minane ya fidla. Neno lile bado linaniuma.

Nilikaa na viola ndani ya kasha mwezi mzima. Nilipoifungua tena sikutafuta ujanja mwingine. Nilijiuliza swali ambalo ningeanza nalo: huu ufunguo wa C unasema nini hasa? Unasema kitu kimoja tu. Pale katikati, zile pembe mbili zinapokutana, ndipo ilipo C ya kati. Ufunguo wa G unakuonyesha G, wa F unakuonyesha F, na huu unakuonyesha C. Na unaweza kuhama: ukiwekwa mstari wa tatu unaitwa alto, ukipandishwa wa nne unaitwa teno, na huo ndio wapiga selo, ile ala kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, hukutana nao sauti ikipanda. Kwangu mtoto wa solfa jambo hili likakaa mara moja. Mwalimu wetu alikuwa akitangaza do iko wapi, na ufunguo huu unatangaza C iko wapi.

Na haukuwekwa kwa kututesa. Uzi wa chini wa viola ni C, oktava moja chini ya C ya kati. Ukiiandika kwa ufunguo wa G, inaning'inia chini ya vistari vinne vya ziada. Ukihamia ufunguo wa F, uzi wa A ulio wazi, usioguswa na kidole, unapaa juu ya vistari vitatu. Kwa alto sauti zetu zinakaa katikati ya nyumba.

Kwa hiyo ushauri wangu, dada, anza na nyuzi nne zilizo wazi. C inakaa chini ya kistari cha kwanza cha ziada. G, nafasi ya kwanza. D, nafasi ya tatu. A, juu ya mstari wa mwisho. Zote ziko kwenye nafasi, hakuna hata moja iliyokaliwa na mstari. (Wenzetu wa selo katika ufunguo wao wa F ni kinyume: nyuzi zao zote nne zimekaa kwenye mistari.) Piga kila uzi huku ukitamka jina lake kwa sauti. Kisha jaza katikati, nota moja moja, ukitaja jina kabla kidole hakijagusa uzi. Jina kwanza, kidole baadaye. Usiandike namba za vidole juu ya nota. Jina kwanza.

Najua vijana wengi mnaonisoma mnataka kufika haraka, na kila mtu ana rafiki mwenye njia ya mkato. Mimi nawaambia kwa uchungu: msikubali kupiga nota msiyoweza kuitaja jina. Anayekufundisha kukwepa kusoma anakufungia mlango na kukuambia amekufungulia. Kaa na ukurasa mmoja jioni nzima kama ni lazima. Hesabu mistari kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna aibu katika hilo.

Mwezi uliopita tulipiga Brandenburg namba sita ya Bach, mtunzi wa Kijerumani, mojawapo ya tungo sita alizomtunukia Christian Ludwig, mwana wa ukoo uliotawala Brandenburg, mwaka 1721. Hamna fidla hata moja ndani yake. Viola mbili ndizo ziko mbele, zinafukuzana tangu mwanzo, ya pili ikiikanyaga ya kwanza visigino. Nilikuwa viola ya kwanza. Na wimbo uko B flati meja, yaani kila B ina flati, mstari baada ya mstari, na kila moja niliiita kwa jina lake moyoni kabla sijaigusa. Mke wangu alikuwa safu ya pili. Anasema nilikuwa nafumba macho.

Jumamosi ukifika, kaa karibu na stendi ya nota, uwe na penseli, na ukiona ufunguo umebadilika katikati ya ukurasa uzungushie duara kabla hamjaanza. Usiku niandikie, uniambie B yako ya kwanza imetokaje.