Kutapika mpaka miezi saba, je nikijifungua itaisha?

Pole sana mdogo wangu, nimesoma unavyosema una miezi saba na hata maji hayakai tumboni, halafu nyumbani wanakwambia unadeka. Hudeki. Mimi hapa Mikindani mimba ya pili nilitapika mpaka siku ya leba, harufu ya samaki wa kukaanga ikipita tu dirishani nakimbilia ndoo, na jirani akianza kubangua korosho ndo kabisaa.

Kilichonisaidia, kabla sijanyanyuka kitandani natafuna ming'oko (vile viazi vya porini vya huku kwetu Mtwara) iliyochemshwa jana yake ikapoa, maana chakula cha moto ndo kinatoa harufu. Maji usinywe kikombe kizima, chukua kijiko kimoja kimoja kila dakika chache, dafu au ORS, ukitapika pumzika kidogo uanze tena. Tangawizi jaribu, inasaidia wengine, mimi ilinichoma kifua. Vidonge vya damu kama vinakuchefua usiviache kimya kimya, mwambie nesi wa kliniki, mimi nilihamishia usiku.

Ila ukiona mkojo una rangi ya chai au hautoki, kizunguzungu ukisimama, uzito unashuka au unatapika damu, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali ya Ligula, ile ya rufaa ya mkoa hapa Mtwara, leo leo, kuna dripu na dawa za kuzuia kutapika wanazopewa wajawazito. Kichwa kikiuma sana na macho yanaona ukungu, hiyo ni dharura, inaweza kuwa presha ya mimba.

Kuhusu kujifungua, wengi hali hii inaisha ndani ya siku chache, mimi jioni ileile nilikunywa uji bakuli zima na haukurudi. Ikiendelea baada ya hapo rudi ukapimwe.