Mkuu uliyeandika kutoka Chuno, hiyo pamba ya kuzuia joto la paa ISIGUSE BATI

Simama hapo hapo. Umesema fundi wako anaanza keshokutwa kubana pamba ya mawe (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) katikati ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, ikiwa imegusana kabisa na bati, na unauliza uchukue hiyo ya mawe au ya kioo (nyuzi za kioo), unene gani, bei ikoje, na kama watoto watadhurika. Mpigie simu fundi sasa hivi. Mwambie umefiwa, mwambie lolote.

Mimi nilifanya hivyo hivyo hapa Shangani, Mtwara hii hii yetu, mwaka 2021. Bati geji 30, dari la jipsamu, na kaskazi ikishaanza kuvuma chumbani hakulaliki, feni inakurudishia joto lile lile. Hela ya korosho ikaingia, nikaagiza Dar rola 14 za pamba ya kioo, mm 100, zile za wazi zisizo na karatasi ya alumini. Fundi wangu alikuwa na sifa: eti kajenga maghala. Akaniambia bila kupepesa macho, "Bosi, pamba lazima ilibusu bati, ndipo inakata joto." Mtu ana kofia ngumu kichwani na penseli sikioni, wewe ungembishia?

Kumbe ghalani pamba inakuwa na alumini upande wa ndani, viungo vyote vimezibwa kwa utepe, mvuke wa chini haupiti. Yangu ilikuwa uchi. Na hewa yetu unaijua, chumvi ukiiacha kibakuli wazi asubuhi unaikuta imelowa. Usiku bati linapoa kuliko hewa ya darini, mvuke ukiligusa unageuka matone, kama jasho la chupa ya soda baridi. Zamani yale matone yalikauka jua likitoka kwa kuwa upepo ulipita. Mimi nikayatandikia godoro.

Desemba likatokea doa juu ya kitanda, ukubwa wa sahani ya kikombe, rangi ya chai. Fundi akasema msumari umelegea. Akapanda, akapaka gundi, akachukua elfu thelathini. Januari doa likawa sinia. Akapanda tena, msumari mwingine, thelathini nyingine. Likawa ungo. Mara tatu nimemlipa yule bwana kuziba matundu ambayo hayakuwepo! Akili ilikuja kunikaa sawa siku ambayo mvua ilikuwa haijanyesha siku nne, na saa kumi na moja alfajiri bodi nzima ikashuka na pamba yake. Mama watoto alikuwa ameshaamka kuwasha jiko. Niliyeipokea ni mimi. Nikakamata kipande gizani nikakikamua kama tui, kikatoa maji. Wiki nzima najikuna kama mtu aliyepita kwenye upupu, majirani wakadhani tetekuwanga, na mimi sikuwakatalia, maana ina heshima kuliko ukweli.

Hesabu ya hasara: jipsamu ya vyumba viwili, papi sita zilizoanza kuoza, bati saba zilizokula kutu kwa ndani. Pamba yenyewe takataka. Nguvu yake yote ni ile hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Maji yakishakaa pale, au ukiibana ya mm 100 iingie kwenye nafasi ya mm 50, umenunua uzito tu.

Kwa hiyo ISIGUSE BATI. Ilale juu ya dari, imejiachia, haijabanwa. Kati yake na bati pabaki uwazi, upepo uingilie matundu ya chini ya fasha (ule ubao wa ukingoni mwa paa) upande mmoja na utokee upande wa pili. Ukipata yenye alumini, alumini itazame juu kwenye huo uwazi, irudishe joto linaloshuka kutoka kwenye bati. Ikigusana na bati, hiyo kazi ya kurudisha joto haifanyi tena.

Ya mawe au ya kioo? Kwa kuzuia joto hazipishani sana. Ya mawe inahimili moto zaidi, ya kioo nyepesi kubeba. Chukua uipendayo, sitakugombeza, mradi ISIGUSE BATI. Na mafundi wavae barakoa na mikono mirefu, tetekuwanga yangu inatosha mtaa mzima.

Yule fundi nilimwona juzi, yuko juu ya nyumba ya mtu. Nikapiga honi, akainama kutafuta msumari.

Rola moja bado iko stoo. Mama watoto hataki itupwe. Kila nikileta wazo jipya la ujenzi, anaenda kuifuta vumbi.